BWANA GILLETTE NA WEMBE WA MAKALI MAWILI

Askari anapokaguliwa asubuhi, afisa hutazama mambo manne kabla ya mengine yote: buti, mkanda, silaha na kidevu. Buti na mkanda vyataka rangi na kitambaa, silaha yataka mafuta, bali kidevu chataka wembe. Wembe huo mwembamba wenye makali pande mbili, unaouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vijijini na katika kantini za kambi, una historia yake, na historia hiyo haitengani na maisha ya mtu mmoja, King Camp Gillette wa Marekani. Wengi miongoni mwetu tulio katika jeshi na polisi tumelisoma jina hilo juu ya karatasi ya wembe tangu siku za ukuruta, tukidhani ni jina la kiwanda tu. Lilikuwa jina la mtu, tena mtu mwenye sharubu nene, ambaye hakuwa fundi wala msomi wa mambo ya chuma, na ambaye aliyathamini mawazo yake ya kuijenga dunia upya kuliko alivyouthamini wembe uliompa sifa.

Gillette alizaliwa tarehe 5 Januari, 1855, katika mji wa Fond du Lac, jimbo la Wisconsin. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya watu wa majaribio. Baba alipenda kubuni vyombo, na ndugu zake wakafuata mkondo huo huo. Mama alijaribu mapishi kwa miaka mingi, na mwaka 1887 majaribio yake yakatolewa katika kitabu cha upishi kilichopata wasomaji wengi sana nchini mwao. Familia ilihamia Chicago, na huko ndiko msiba ulikowakuta. Mwezi wa Oktoba, 1871, moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Watu wapatao 300 walikufa na wengine wapatao 100,000 wakabaki bila makao. Mali ya akina Gillette iliteketea pamoja na ya wenziwe. Kijana King alikuwa na umri wa miaka 16, na haikupita muda akaingia kazini kujitafutia riziki.

Kazi aliyoishika ilikuwa ya kuuza bidhaa za watu wengine, mji hata mji. Aliifanya kwa miaka mingi, na wala hakuifanya vibaya. Mwuzaji wa namna hiyo hulala hotelini, hupanda gari moshi kila mara, na hawezi kubisha hodi kwa mteja hali ndevu zimechipua kidevuni. Twaweza kusema basi kwamba alikuwa chini ya sharti lile lile tulilo nalo sisi wenye sare: uso safi kila asubuhi, popote utakapoamkia. Njiani alibuni vitu vidogo vidogo na kuvipatia hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asinyang'anywe wazo lake kwa muda uliowekwa. Hakuna hata kimoja kilichomtajirisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 aliajiriwa na kampuni ya William Painter, mtu aliyevumbua kile kizibo cha bati chenye meno tunachokibandua kila tufunguapo chupa ya soda au bia. Hataza ya kizibo hicho ilitolewa mwaka 1892, na faida yake ilitokana na jambo dogo: kikishabanduliwa hutupwa, na chupa ifuatayo yataka kizibo kipya. Painter alimshauri mfanyakazi wake atafute naye kitu cha namna hiyo, kitu ambacho mtu hukitumia, hukitupa, kisha hurudi dukani kununua kingine. Ushauri huo ulimkaa Gillette moyoni kama mwiba. Inasimuliwa kwamba aliipitia alfabeti herufi kwa herufi, akiorodhesha kila kitu ambacho binadamu hukihitaji, asipate alichokuwa akikitafuta.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mtu huyu aliyekuwa akitafuta usiku na mchana njia ya kutajirika, mwaka 1894 alitoa kitabu cha kulaani mashindano ya biashara, akiyaita chanzo cha umaskini, uhalifu na upotevu wa nguvu za watu. Alitaka viwanda vyote vya nchi viwe chini ya shirika moja tu, na wananchi wenyewe ndio wawe wenye hisa. Alitaka pia karibu watu wote wa Marekani waishi katika mji mmoja mkubwa kupita kiasi, uliojengwa karibu na maporomoko ya maji ya Niagara ili uendeshwe kwa umeme wa maporomoko hayo. Majumba yangekuwa ya ghorofa nyingi na yanayofanana, na watu wangekula pamoja katika mabwalo badala ya kila mke kujipikia jikoni kwake. Sisi wa jeshini tukisoma habari za mji huo twaona kambi: majengo ya namna moja, bwalo moja, na kila mtu na zamu yake. Sijui kama Gillette alipata kukaa kambini hata siku moja. Lau angekaa, pengine angepunguza hamu ya bwalo.

Kitabu hicho hakikubadili kitu. Mwaka uliofuata, 1895, alipata kile kilichobadili mambo.

Ili kuelewa alichokiona, yafaa tukumbuke wembe wa siku zile. Ulikuwa bapa refu la chuma lililokunjwa ndani ya mpini, kama ule ambao vinyozi wa zamani walikuwa nao. Ulipaswa kupitishwa juu ya ukanda wa ngozi kila utakapo kunyoa, na kila baada ya muda kupelekwa kwa fundi autie makali juu ya jiwe. Ulihitaji mkono mtulivu, kwani ulikuwa tayari kukata shingo kama ulivyokuwa tayari kukata ndevu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe wa New York walikuwa wameleta mashine ya kunyolea yenye kinga ya kuzuia mtu asijikate. Walakini kipande cha chuma kilichowekwa ndani yake kilikuwa kinene, na nacho kilitaka kunolewa vile vile.

Asubuhi moja Gillette alisimama mbele ya kioo nyumbani kwake Brookline, karibu na Boston, akakuta wembe umekuwa butu kiasi ambacho ukanda wa ngozi haukuweza tena kuuponya. Ndipo wazo likamjia lote kwa mara moja. Kinachonyoa ni ukingo tu. Chuma kingine chote kilicho nyuma yake kazi yake ni kuushikilia ukingo huo. Basi kwa nini ukingo usifanywe kwa kipande chembamba cha chuma cha pua, chenye makali pande mbili, kikabanwa katikati ya vibati viwili juu ya mpini, na kikishakuwa butu kikatupwa? Alikwenda dukani akanunua vipande vya shaba, utepe wa chuma cha springi za saa, jiliwa dogo na tupa, akatengeneza mfano wa kwanza kwa mikono yake. Mkewe alikuwa safarini Ohio, naye akamwandikia barua ya kumhakikishia kwamba utajiri wao umekwisha kupatikana.

Furaha hiyo ilitangulia mali kwa miaka minane. Mabingwa wa madini na chuma, wakiwemo wale wa chuo mashuhuri cha ufundi huko Massachusetts, walimweleza kuwa alitakalo haliwezekani. Chuma chembamba namna ile kikitiwa moto ili kikaze, hujikunja kama jani kavu. Na kisipokazwa hakishiki makali. Baadaye Gillette alikiri kwamba lau angekuwa na elimu ya mabingwa wale angaliacha jambo hilo mapema. Hakuwa nayo, kwa hiyo aliendelea kujaribu huku akiuza vizibo ili ale.

Ukombozi ulikuja na William Emery Nickerson, mhandisi aliyesoma katika chuo kile kile. Tarehe 28 Septemba, 1901, kampuni ilianzishwa Boston, na karakana yake ikawekwa juu ya duka la samaki. Nickerson ndiye aliyebuni namna ya kukaza vipande vile vyembamba bila kujikunja, na mitambo ya kuvitia makali kwa wingi. Kwa maoni yangu mtu huyu hajatendewa haki na historia. Wazo lilikuwa la Gillette, lakini bila ya Nickerson lingebaki wazo. Watu husimulia kwamba jina lake halikuandikwa juu ya wembe kwa sababu masikioni mwa Waingereza na Wamarekani linakaribia neno lenye maana ya kujikata, jambo ambalo muuza nyembe hapendi likumbukwe.

Mauzo yalianza mwaka 1903. Mwaka huo mzima ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Ni idadi isiyotosha kombania moja. Mwaka 1904 ziliuzwa mashine zaidi ya 90,000, na tarehe 15 Novemba ya mwaka huo huo serikali ya Marekani ikampa Gillette hataza namba 775,134. Siri iliyolindwa na hati hiyo kila mmoja wetu anaweza kuiona kwa macho akifungua mashine yake. Wembe wenyewe ni mlegevu. Ukiushika kwa vidole unapinda. Lakini bati la juu limetiwa mviringo kidogo, na mpini ukazwapo, wembe huvutwa ukalifuata umbo hilo. Chuma kilichopindwa hivyo hakichezi tena, na makali yake hutulia mahali pake, yakichungulia kiasi kidogo tu nje ya kinga. Kwa njia hiyo kipande chembamba hufanya kazi ya chuma kinene.

Ni desturi ya watu wengi kusema kwamba Gillette alijitajirisha kwa kuuza mashine kwa bei ya chini ili apate faida katika nyembe. Maneno hayo yanarudiwa hata na wasomi wa biashara, na si sahihi. Kwa muda wote hataza ilipokuwa na nguvu, mashine yake iliuzwa dola 5, fedha ambayo ilikuwa sehemu kubwa ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa kawaida. Walioinunua walikuwa makarani wakubwa, wafanyabiashara na watu wa safari. Mpagazi wa bandarini na mkulima waliendelea kunyolewa na kinyozi siku ya Jumamosi, au kuacha ndevu zikue. Yule mwandishi aliyetaka wananchi wote wale meza moja alikuwa ametengeneza chombo cha wenye nacho.

Yeye mwenyewe hakukaa sana katika uongozi. Uamuzi wa kampuni ulikuwa umeangukia mikononi mwa John Joyce, tajiri wa Boston aliyetoa mtaji wakati wa dhiki, na mwaka 1904 mvumbuzi alikuwa London akiifanya kazi yake ya zamani ya vizibo. Alirudi akapigania nafasi yake, wakavutana kwa miaka kadhaa, na mwaka 1910 aliuza sehemu kubwa ya hisa zake kwa Joyce. Cheo cha urais wa kampuni aliachiwa, na picha yake ya sharubu iliendelea kuchapwa juu ya karatasi za nyembe, ikisafiri mpaka nchi ambazo yeye hakuzifikia. Mwaka ule ule alirudia ndoto yake. Alianzisha shirika la kuunganisha dunia yote, akamwomba Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, aliongoze kwa miaka minne kwa ujira wa dola milioni 1. Roosevelt alikataa.

Chombo cha wenye nacho kilifanywa chombo cha watu wote na jeshi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, ndevu na sharubu zilikuwa bado na heshima katika majeshi mengi. Jeshi la Uingereza lilikuwa na amri ya kuwakataza askari wake kunyoa mdomo wa juu, na amri hiyo ilifutwa mwezi wa Oktoba, 1916. Katika mahandaki askari alikaa majuma mengi ndani ya matope pamoja na chawa, na maji ya kunyolea yalipimwa kwa kikombe. Kisha, mwezi wa Aprili, 1915, Wajerumani walipeperusha gesi ya sumu huko Ypres, Ubelgiji. Kinga dhidi ya gesi ni kinyago, na kinyago chataka kugusana na ngozi pande zote. Mahali penye ndevu hewa hupenya. Tangu hapo kunyoa hakukuwa suala la unadhifu peke yake. Hata leo mkufunzi anapowaambia makuruta wanyoe kabla ya zoezi la kinyago hawaonei.

Wembe wa kukunja haukufaa handakini. Nani atapata mahali pa kutundika ukanda wa ngozi, na mkono gani utatulia makombora yakianguka? Mashine ndogo ya kubana wembe, iliyoingia mfukoni pamoja na pakiti ya nyembe, ilikidhi haja. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali yake iliagiza mashine milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya askari wake. Vijana wa mashambani ambao hawakupata kuishika mashine ya dola 5 walikabidhiwa kama walivyokabidhiwa bakuli na blanketi. Vita vilipokwisha walirudi nazo makwao, wakiwa wamezoea kujinyoa wenyewe kila siku, na wanapohitaji nyembe mpya waliziendea dukani. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kufanya kazi hiyo kwa miaka miwili.

Mwaka 1921 hataza ilifika mwisho wake, na kila mwenye kiwanda akawa huru kuiga umbo lile. Hapo ndipo kampuni ilipoanza kuuza mashine ya mtindo wa kale kwa dola 1, na wengine wakaitoa bure pamoja na bidhaa nyinginezo. Hivyo bei ya chini ambayo watu humsifia Gillette ilikuja baada ya yeye kuachia usukani na baada ya sheria kuacha kumlinda. Jina lake lilikuwa limeenea mno hata katika lugha ya Kireno neno lenyewe la wembe wa namna hii likawa gilete.

Kwa kuwa mashine ya bei nafuu ya namna hiyo ingali inapatikana katika masoko yetu, si vibaya kusema machache juu ya matumizi yake. Mimi nimeijaribu kwa muda na nimeridhika nayo. Mashine hii haitaki kusukumwa. Uzito wa mpini watosha, nayo ishikwe kwa mshazari, si wima wala si bapa. Methali yetu isemayo mwenzako akinyolewa, zako tia maji, ina elimu ya kinyozi ndani yake, kwani nywele zilizolowa kwa maji ya moto na sabuni hulainika na kukatika kwa wepesi. Sisi Waafrika tuna jambo la ziada. Nywele zetu zimejisokota, na zikikatwa chini mno ncha yake hurudi ikatoboa ngozi, kukatokea vile vinundu vya shingoni vinavyowasumbua askari wengi. Dawa ya kwanza ni kunyoa kwa kufuata mwelekeo wa nywele, bila kuvuta ngozi na bila kurudia mahali pamoja mara nyingi. Na aliyezidiwa aende kwa daktari, maana majeshi kadhaa hutoa ruhusa ya kuacha ndevu fupi kwa sababu hiyo. Jambo la pili ni zito zaidi. Wembe mmoja usipite katika nyuso mbili. Virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI vyaweza kusafiri katika tone la damu lisiloonekana, na tabia ya kuazimana wembe bwenini, hata kama ni kwa udugu, kila sajini aikomeshe bila kuona haya.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1924 alitoa kitabu kingine cha kuliombea shirika lile la wananchi, akisaidiwa na mwandishi Upton Sinclair. Dunia ilinunua nyembe, ikaviacha vitabu. Alikuwa amejenga shamba na jumba la fahari huko Calabasas, California, na hisa zilizobaki zilionekana kuwa ngome ya uzee wake. Mwaka 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Mwaka uliofuata kampuni ililazimika kuungana na mshindani wake, Henry Gaisman, baada ya ugomvi wa hataza. Na mahesabu yalipofunguliwa ikagundulika kwamba wakurugenzi walikuwa wakitangaza faida kubwa kuliko iliyokuwepo. Hisa zikaporomoka zaidi. Gillette aliondoka katika urais mwaka 1931, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imeyeyuka, na tarehe 9 Julai, 1932, akafariki dunia huko California, akiwa na umri wa miaka 77.

Shamba la Calabasas lilipita katika mikono mingi, ya mtengeneza filamu, ya mapadri, na ya chuo kikuu. Mwaka 2005 lilinunuliwa kwa fedha za umma, na tangu mwaka 2007 ni hifadhi iliyo wazi kwa watu wote, yenye jina la Gillette langoni.